Mwiko wa Ndugu Li

Kila ninapopanda basi la kurudi Mbeya, likisimama Ipogolo, pale Iringa, madirisha huvamiwa na ndoo. Ikiwa ni Desemba au Januari, ndani ya ndoo hizo mna plamu, nyekundu za kuelekea weusi, zimepakwa ule ungaunga mweupe unaobaki vidoleni ukizishika. Harufu yake hunifikia kabla ya muuzaji, utamu wenye ukali ndani yake, na papo hapo najikuta uani kwa Bibi, miguu peku, nikimwangalia mwanamume mrefu mwenye nguo za buluu zilizopauka, akiutazama mti wa plamu bila kunyoosha mkono. Jirani yangu wa kiti husema nimeduwaa. Yeye simwelezi, maana tutafika Mafinga nikiwa bado kwenye utangulizi, lakini nyinyi mna nafasi.

Nililelewa na Bibi, mama yake baba, katika kijiji kimoja cha baridi karibu na Makambako. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, sehemu zile zote zilihesabiwa mkoa wa Iringa. Bibi mwenyewe alikuwa Mhehe wa mbali, huko upande wa mto Ruaha, akaletwa kwetu kuolewa akiwa msichana. Reli ilikuwa inajengwa. Asubuhi tuliamshwa na majogoo, na mchana tulishtuliwa na baruti zilizopasua miamba, vikombe vya Bibi vikigongana kabatini naye akivikemea vikombe badala ya baruti.

Wachina walikuwa na kambi ng'ambo ya kijito. Walilima mboga kwa mistari iliyonyooka mpaka mama zetu wakawa wanapita makusudi kwenda kuangalia. Sisi watoto tulikuwa na neno moja tu la kuwaitia. Akipita mrefu, "Mchina!" Akipita mfupi, "Mchina!" Wakipita wengi kwenye lori, tulipiga kelele neno lilelile hadi vumbi lituzibe midomo. Wao walipunga mikono na kucheka, nasi tukaamini wamefurahi.

Sasa, Bibi alikuwa na desturi iliyowachosha wageni wengi wenye njaa. Ukiingia kwake, hata kama uji umeshapakuliwa na unafuka mbele yako, huupati mpaka umjibu. Wewe wa ukoo gani? Kwenu mnazira nini? Karani wa ushirika aliulizwa hivyo, mwenyekiti wa kijiji naye akaulizwa, na mwinjilisti mmoja aliyetoka mbali akajibu kwamba ukoo wake ni Kristo. Bibi akamwambia sawa, na baba yako je?

Hakuwa mdaku. Kwa watu wa rika lake kila ukoo ulikuwa na mwiko wake, na kumlisha mtu mwiko wake ilikuwa sawa na kumtilia sumu: meno yangemng'oka, ngozi ingemtoka mapele, au angekufa kabisa. Ukoo wa Bibi haukula kwale. Zamani za vita, alitusimulia, mzee wao alikimbia na mke na watoto, maadui wakiwafuata kwa nyayo. Kundi la kwale likatua njiani nyuma yao, likaparua vumbi mpaka nyayo zote zikafutika, wakapona. Sisi wajukuu tulifuata ukoo wa babu, kwa hiyo kwale tulimla kwa raha zetu, huku Bibi ametupa mgongo akinung'unika kwamba tunawatafuna ndugu zake. Alisema pia kwamba kwao mtu wa heshima husalimiwa kwa ukoo wake. Asubuhi, badala ya kuita jina lako tu, wanakusalimu kama mtu wa Kwale. Kwetu alibaki kuyasimulia tu, maana kijijini kwetu hapakuwa na mtu wa kwao hata mmoja wa kumsalimu hivyo.

Mti wa plamu aliupata misheni ukiwa mche, akaupanda karibu na uzio. Mwezi wa nane ulijaa maua meupe kabla ya kuota jani hata moja. Ilikuwa wakati wa maua hayo ndipo yule mwanamume wa nguo za buluu aliposimama nje ya uzio, siku ya mapumziko yao, kofia mkononi kama mtu aliyefika msibani. Bibi alikuwa anachambua maharage. Alimwacha asimame mpaka Bibi mwenyewe ndiye akachoka.

"Kamwene," akamsalimu kwa lugha ya huko.

"Kamwene, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umepotea?"

"La, sikupotea. Naomba radhi kwa kusimama hapa pasipo ruhusa. Ninautazama mti huu."

Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha mwalimu wetu mkuu. Alikuwa mkalimani wa kambi, alikuwa amekisomea shuleni huko kwao, na alikitamka kwa uangalifu kama mtu anayebeba mayai. Bibi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa nusu Kihehe, alinitazama kuona kama nami nimesikia.

"Una nini huo mti?"

"Mti huu ni jina langu, Bibi."

Hapo Bibi akamfungulia lango mwenyewe. Mgeni anayeanza kwa jina la ukoo bila kuulizwa, hata mwinjilisti hakuifikia adabu hiyo.

Aliitwa Ndugu Li. Alichuchumaa akachora kwa kijiti vumbini, nami nikainama kuona. Juu alichora mistari ya mti, shina na matawi yake, na chini ya mti akachora umbo jingine dogo. Mti juu, alisema, mtoto chini. Ndivyo linavyoandikwa Li, na maana yake ni plamu. Hilo ni jina la ukoo, na kwao jina la ukoo hutangulia, lile la kupewa na wazazi hufuata nyuma. Bibi akatikisa kichwa kukubali. Kwanza useme umetoka kwa nani, ndipo useme wewe ni nani. Aliona hiyo ni akili.

Kisha Ndugu Li akatusimulia. Hapo kale ukoo wao ulikuwa wa mahakimu, na jina lao la kwanza lilitokana na kazi hiyo. Mmoja wa mahakimu hao alikataa kuhukumu kwa kumpendeza mfalme katili, akauawa. Mkewe akakimbia na mtoto wao mpaka nyika isiyo na watu. Walipokuwa wanakaribia kufa kwa njaa, wakakuta mti wenye matunda, wakala, wakapona. Kwa shukrani, na pia ili mfalme asiwajue, wakaacha kuliandika jina lao kwa ule mchoro wa kazi, wakaliandika kwa mchoro wa lile tunda. Mdomoni halikubadilika. Ndivyo wazee wao wanavyosema, akaongeza, yeye hakuwepo.

Bibi alikuwa ameacha maharage. Hadithi hii aliijua. Kukimbia na mtoto, njaa, adui nyuma, na kiumbe cha porini kinachokuja kuokoa: kilichobadilika ni kwale tu. Na kama aliijua hadithi, basi mwisho wake pia aliujua, wala hakuona haja ya kusubiri.

"Ndiyo maana kwenu hamlagi plamu," alisema.

Ndugu Li alifungua kinywa. Akautazama mti uliojaa maua, akamtazama Bibi ambaye alikuwa ameshamsogezea kigoda, akanitazama hata mimi. Akakifumba kinywa.

"Ndiyo, Bibi," alisema.

Tangu siku hiyo kijiji kilitangaziwa. Tulipopiga kelele "Mchina!" Bibi alitoka na mwiko wa ugali. Mchina ni ukoo wa nani? Yule ni mtu wa Plamu! Na kwa kuwa alikwishagundua kuwa hawa watu wana koo, akataka kuzijua zote. Siku za mapumziko Ndugu Li alileta wenzake wawili watatu, akawatafsiria. Mpishi wao aliitwa Wang, yaani mfalme. Bibi akauliza mfalme anamenya vipi vitunguu, naye Ndugu Li akaeleza kwamba wengi wenye jina hilo ni uzao wa watawala walionyang'anywa viti vyao, na watu wa namna hiyo kwao ni wengi mno. Dereva wa lori aliitwa Zhang, ukoo wa mzee aliyetengeneza pinde. Mwingine aliitwa Ma, farasi, ingawa jina lenyewe lilitokana na mahali ambapo mzee wao alipewa kutawala. Bibi hakuwahi kumwona farasi. Aliamua kwamba ni jamaa ya punda milia, akampigia yule bwana marufuku nyama ya punda milia, ambayo hakuna mtu kijijini aliyekuwa nayo.

Kilichomfurahisha kuliko vyote ni mambo mawili. La kwanza, zamani watu wa jina moja la ukoo hawakuruhusiwa kuoana, hata kama hawakujuana na wametoka mbali. La pili, mwanamke wa kwao akiolewa habadilishi jina. Mama yake Ndugu Li alikuwa bado na jina la baba yake. Bibi alipiga makofi. Alimwambia Ndugu Li kwamba yeye mwenyewe, pamoja na miaka yote aliyokaa kwa babu, alikuwa bado mtu wa Kwale.

"Basi hao ni watu kabisa," aliniambia walipoondoka, kana kwamba jambo hilo lilikuwa bado linajadiliwa.

Plamu zilipoiva, mwezi wa kumi na mbili, Bibi aliwagawia Wachina waliopita bila choyo. Wang alikula mpaka kidevu kikawa chekundu. Kwa Ndugu Li, hapana. Kikombe chake kilioshwa peke yake. Kigoda chake kiliwekwa upande wa pili wa ua, na ole wake mtoto atakayetema kokwa karibu nacho. Alipewa viazi vya kuchemsha na mahindi ya kuchoma, akavila kwa shukrani, huku macho yake yakirudi kwenye mti.

Nilikaa naye mara nyingi, mimi na plamu zangu. Aliniambia kwao pia upo mti kama huu, nyuma ya jiko la mama yake, na mama hukausha matunda kwa chumvi kwenye ungo. Nikamuuliza, kama hamli, nani anakula?

"Ndege," alisema, akacheka peke yake.

Msimu uliofuata ndio uliotutisha. Plamu zilikuwa zimeiva, na Ndugu Li akaacha kuja. Siku moja alikuja Wang peke yake, bila kofia, uso umemshuka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Bibi, Li mgonjwa. Homa. Chakula hapana. Siku nyingi hapana." Akaonyesha mti. "Plamu. Li anasema plamu, plamu. Naomba."

Bibi alirudi nyuma hatua moja. Kwake mambo yalikuwa wazi: mtu anaumwa, na katika homa yake anakitaka kile kitakachommaliza. Akimpa, amemuua. Akimnyima, hali kitu kingine, naye atakufa vilevile.

"Hapana," alisema. "Mwambie nimekataa. Nitampikia uji. Plamu ni mwiko wake huyo."

Wang hakulijua neno hilo. Alinigeukia mimi, nami nikamweleza kwa mikono, mdomo, na kichwa: Li, plamu, kula, hapana, kabisa. Akakunja uso. Kisha akacheka kwa mshangao, kicheko kikakatika hapohapo alipoona uso wa Bibi.

"Li kula!" alisema. "China, Li wote kula. Mama yake Li, mti, Li kula sana, tangu mtoto."

Bibi aliketi chini, si kwenye kigoda, chini kabisa. Alikaa hivyo akiviangalia viganja vyake. Nilidhani ana hasira kwa kudanganywa, lakini aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo. "Misimu miwili nimemnyima mtoto wa watu," alisema. "Misimu miwili, na yeye ananitazama."

Alichuma mwenyewe, zilizoiva vizuri tu, akajaza kikapu. Halafu akapika uji wa ulezi akautia kwenye kibuyu, maana maneno ya Wang hakuyaamini yote. Tukavuka kijito, yeye na kikapu, mimi na kibuyu, Wang mbele.

Ndugu Li alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya banda, amejifunika blanketi juani. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Alipomwona Bibi alijaribu kusimama, Bibi akamkalisha kwa kumshika bega kama alivyotukalisha sisi.

"Mwanangu, Mfalme ameshaniambia. Kwenu mnakulaga. Kwa nini hukusema? Mimi mjinga, sijui mambo ya kwenu, nimekufunga mdomo bure. Kula sasa, upone."

Akamwekea kikapu magotini. Wang alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, kula, kula. Ndugu Li alichukua plamu moja, akaufuta ule ungaunga kwa kidole gumba, akaipeleka puani. Aliinusa kwa muda mrefu akiwa amefumba macho. Niliona koo lake likipanda na kushuka, nami mate yakanijaa kwa niaba yake. Halafu akairudisha kikapuni, taratibu, juu ya zile nyingine.

"Bibi," alisema, "kwetu, watu wa jina langu hawana idadi. Hakuna anayeniuliza. Hapa kila mtu aliniita Mchina. Wewe peke yako uliniuliza mimi wa ukoo gani. Usiniondolee mwiko wangu." Akapumzika, maneno yalikuwa yamemchosha. "Nimeona kibuyu. Je, ni uji?"

Bibi alimimina uji kwenye kifuniko cha chupa ya chai iliyokuwa pale, akamshikia mwenyewe mpaka akaumaliza, akamimina mwingine. Zile plamu alimwambia Wang awagawie wenzake. Njiani kurudi alikuwa analia na kuimba wimbo wa Kihehe kwa wakati mmoja. Nilimuuliza kwa nini Ndugu Li amekataa kitu anachokitaka, na ambacho ameruhusiwa. Aliniambia nitazame njia nisije nikaanguka.

Alipona. Daktari wao alikuwa na sindano zake, lakini kwa Bibi uji ndio uliofanya kazi. Mimi moyoni nilimwona Ndugu Li kuwa mtu wa ajabu tu. Kikapu kizima, zimeiva, na hakuna wa kumgombeza!

Waliondoka reli ilipokuwa imeshatupita na kusonga mbele kuelekea Mbeya, mwezi wa nane, mti ukiwa mweupe tena. Alikuja kuaga. Alisimama nje ya uzio palepale pa siku ya kwanza, kofia mkononi.

"Kamwene, Plamu," Bibi alimsalimu.

"Kamwene, Kwale," akajibu.

Nilimwona Bibi akishika uzio. Hakuna aliyekuwa amemsalimu hivyo tangu alipoletwa kwetu, na sasa alisalimiwa na mtu aliyekuwa anaondoka. Hatukupata habari zake tena. Bibi aliendelea kumtaja mpaka alipokufa, akisema "yule mwanangu wa Plamu", na wageni wasiojua walidhani ni mmoja wa baba zangu wadogo.

Miaka ikapita, nikasoma, nikaolewa Mbeya, mtaa wa Soweto, kwa watu ambao lugha yao niliielewa salamu tu. Nilikuwa nimesoma ualimu, na mambo ya miko niliyaona ya wazee. Chuoni nilikula kila kilichopikwa, na juu ya vyote nilipenda maini, ya ng'ombe, ya mbuzi, yaliyokaangwa kwa vitunguu vingi. Wiki ya kwanza ukweni hakuna aliyeniita jina langu. Nilikuwa "yule wa Iringa", na ule utani kwamba watu wa Iringa hula mbwa niliupata asubuhi na jioni. Walikuwa wananitania kwa wema, lakini usiku nilikuwa nawakumbuka wa kwetu mpaka kifua kinauma.

Siku moja mama mkwe alikuwa anakaanga maini. Harufu ilinivuta kutoka chumbani mpaka jikoni. Pembeni ya jiko, kwenye kisufuria kidogo kilichofunikwa, alikuwa ameweka maharage.

"Hayo ya kwako, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Nimeulizia kwa watu. Wameniambia ukoo wenu hamlagi maini. Hata mwiko wa kukorogea nimetumia mwingine."

Sijui nani alimwambia. Ukoo wetu haukuwa na habari yoyote na maini. Niliyatazama kwenye kikaango, yakichuruzika mafuta, vitunguu vimeiva rangi ya dhahabu. Nikamtazama yule mama, ambaye alikuwa amezunguka kwa majirani akiuliza mimi ni mtu wa nani. Ndipo nilipomwona tena Ndugu Li, kinywa wazi mbele ya maua meupe, na nikajua kwa nini alikifumba.

Nilimeza mate.

"Ndiyo, Mama," nikasema.